Je, Kikamulio cha Mkono Chafaa Kununuliwa?

Katika maduka ya vyombo ya miji yetu, Songea ukiwa mmojawapo, huuzwa vyombo vya kukamulia maji ya matunda kwa nguvu za mkono. Kuna kile kidogo cha plastiki au kioo chenye koni iliyochongwa mifuo, ambacho nusu ya chungwa huzungushwa juu yake. Kuna kile kikubwa cha chuma chenye mkono mrefu unaovutwa chini ili kubana tunda kati ya vikombe viwili. Tena kuna kile kinachofanana na mashine ya kusagia nyama, chenye parafujo ndani na mpini wa kuzungusha. Bei zake hupishana sana, hata cha wenzo huweza kuuzwa mara kumi au ishirini ya bei ya kile cha koni. Mwenye duka atamwambia mnunuzi kuwa kilicho ghali ndicho bora. Huenda asema kweli. Lakini neno “bora” halina maana katika sayansi mpaka tuseme bora kwa kipimo gani, kwa kazi ipi na kwa nani.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari. Swali lenyewe ni la nyumbani, lakini kulijibu kwahitaji fizikia ya kidato cha kwanza na cha pili, kemia kidogo, na hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya kwa kalamu. Aidha lawahusu watu wengi: mama mwenye kibanda cha chakula, shule yenye duka dogo, kijana anayetaka kuanza biashara kwa akiba kidogo aliyo nayo. Kwa watu hawa kununua chombo kisichofaa ni hasara ya miezi.

Tunda kwanza, chombo baadaye

Kosa la kawaida ni kuanza na chombo. Yafaa kuanza na tunda. Vikamulio vya koni na vya wenzo viliundwa kwa ajili ya jamii ya michungwa: machungwa, machenza, malimau, ndimu na mabalungi. Matunda haya yana umbo la ajabu kidogo. Ndani ya kila kipande mna vifuko vidogo vidogo vyenye ngozi nyembamba, na kila kifuko kimejaa maji. Kukamua ni kupasua vifuko hivyo na kuyaacha maji yatoke, basi.

Sasa tutazame matunda mengine ya Ruvuma. Embe lina nyama yenye nyuzi, wala halina vifuko. Ukilibana kwa wenzo utapata rojo kidogo na kokwa lililokwama. Ndizi haikamuliki kabisa. Pasheni halihitaji mashine: kijiko, chujio na maji safi vyatosha. Masuku, ambayo watoto huyaokota katika misitu ya miombo mvua zinapoanza, yana nyama laini iliyoshikamana na mbegu. Njia yake ni kuyapondaponda katika maji na kuchuja. Ubuyu na ukwaju huloweshwa. Muwa hutaka magurudumu mazito ya chuma, na jambo hilo ni mashine nyingine kabisa. Nanasi laweza kupita katika kikamulio cha parafujo likikatwa vipande, ingawa nyuzi zake huziba matundu mapema.

Kwa hiyo mtu ambaye wateja wake hunywa juisi ya embe na pasheni zaidi hana sababu ya kununua kikamulio cha wenzo, hata kama angepewa kwa nusu bei. Na kuna jambo la hali ya hewa. Mji wa Songea uko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai ni ya baridi. Siku hizo mpita njia hutafuta chai ya moto, si juisi. Mfanyabiashara anayepiga hesabu ya mwaka mzima kwa mauzo ya mwezi wa joto, kama Oktoba au Novemba, hujidanganya mwenyewe. Tena asisahau kuwa watu wa huku wana togwa, kinywaji cha siku nyingi kisichohitaji kikamulio.

Wenzo na koni

Tuseme basi kwamba tunda letu ni chungwa. Kikamulio cha wenzo ni wenzo wa daraja la pili: egemeo liko upande mmoja, mkono wa mtumiaji uko upande wa pili, na mzigo, yaani tunda, uko katikati karibu na egemeo. Tuchukue mfano. Umbali kutoka egemeo hadi mkono ni sentimeta 40, na umbali kutoka egemeo hadi kikombe kinachobana ni sentimeta 5. Manufaa ya kimakanika, bila kuhesabu msuguano, ni 40 kugawanya kwa 5, yaani 8. Mtu akivuta kwa kani ya newtoni 150, ambayo ni kama kuinua mzigo wa kilo 15, tunda litabanwa kwa newtoni 1,200. Msuguano ukila robo, zinabaki 900.

Mwanafunzi atasema papo hapo kuwa kikamulio hicho kimetupatia nguvu za bure. Sivyo. Ili kikombe kishuke sentimeta 1, mkono hauna budi kusafiri sentimeta 8. Kazi ni kani mara umbali, na kazi inayotoka haizidi kazi iliyoingia. Wenzo hubadilisha bei tu: hupunguza kani na kuongeza mwendo.

Lakini kinachopasua kifuko cha maji si kani peke yake. Ni kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo. Kikombe chenye kipenyo cha sentimeta 8 kina eneo la sentimeta za mraba 50 hivi. Newtoni 900 zikigawanywa kwa 50 ni newtoni 18 kwa kila sentimeta ya mraba. Sasa tazama kile kijikoni kidogo cha plastiki. Mtu hukandamiza nusu ya chungwa kwa kiganja, labda kwa newtoni 100 tu. Lakini chungwa halikai juu ya koni yote; linakaa juu ya kingo za mifuo. Kama kingo hizo zagusa sentimeta za mraba 2, kanieneo mahali hapo ni newtoni 50 kwa sentimeta ya mraba, karibu mara tatu ya ile ya wenzo. Zaidi ya hayo, kuzungusha hukwangua na kuchana. Ndiyo sababu kidude hicho cha bei ndogo hufanya kazi vizuri kupita umbo lake. Siri yake ni ile ile ya kisu na ya sindano.

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji huisahau. Wenzo hubana ganda pamoja na nyama, na ganda la chungwa lina vifuko vya mafuta makali. Kiasi chake kidogo huleta harufu nzuri. Kikizidi, juisi huwasha midomo. Tena ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, pamoja na ngozi za vipande na mbegu, ina kemikali ambayo katika asidi ya juisi hugeuka polepole kuwa limonini, kitu kichungu sana. Juisi iliyokamuliwa kwa nguvu mno huwa tamu asubuhi na chungu alasiri. Mwenye kibanda hudhani machungwa yalikuwa mabaya, kumbe alikuwa akitafuta tone la mwisho.

Jaribio la nusu mbili

Hapa ndipo darasa laweza kuzidi duka kwa maarifa. Tunataka kujua chombo kipi hutoa maji mengi zaidi kutoka chungwa lile lile. Mwanafunzi wa haraka atachukua machungwa matano kwa chombo kimoja na matano kwa kingine, apime, atangaze mshindi. Matokeo yake hayatatuambia kitu, kwa sababu machungwa hayafanani. Moja lina ganda nene, jingine limekauka upande, la tatu limekaa juani siku tatu. Tofauti kati ya chungwa na chungwa huenda ikawa kubwa kuliko tofauti kati ya chombo na chombo.

Dawa yake ni rahisi. Kata kila chungwa nusu mbili. Nusu moja ikamuliwe kwa chombo cha kwanza, nusu ya pili kwa chombo cha pili. Hivyo kila chungwa hulinganishwa na nafsi yake. Tupa sarafu hewani ili kuamua nusu ipi iende wapi, kwani upande wa kikonyo na upande wa pili si sawa sawa. Kila nusu ipimwe uzito kabla ya kukamuliwa, maji yake yapimwe, kisha makapi nayo yapimwe. Uzito wa maji na makapi ukipungua sana kuliko uzito wa mwanzo, kuna kitu kilichobaki ndani ya chombo, na kitu hicho ni hasara inayopaswa kuandikwa. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja yatosha. Machungwa kumi ni machache. Ishirini ni afadhali. Mkamuaji awe mmoja kwa vyombo vyote, ama wakamuaji wabadilishane kwa zamu, la sivyo mtakuwa mmepima misuli ya wanafunzi badala ya vyombo.

Na mkono mtupu uwemo katika jaribio, kwa kuwa ndio mshindani wa kwanza. Ningependa pia kuona darasa likipima ule ustadi wa mtaani wa kumenya chungwa kwa kisu, kulikata kichwa na kulifyonza. Kwa njia hiyo mtu hupata karibu maji yote, hana chombo cha kuosha, wala hana gharama. Haifai kwa mteja aliyeketi mezani, lakini haifai kudharauliwa.

Hesabu ya gilasi

Tuchukue sasa takwimu za mfano. Kila shule iweke za kwake baada ya jaribio, na bei za soko lake. Tuseme chungwa lina uzito wa gramu 200 na bei ya shilingi 200. Mkono mtupu watoa maji gramu 70 kwa chungwa, koni ya plastiki gramu 86, na wenzo gramu 90. Gilasi yetu ni mililita 250, na kwa wepesi tuchukulie gramu moja kuwa mililita moja. Kwa mkono gilasi itakula machungwa 3.57, yaani shilingi 714. Kwa koni itakula 2.91, yaani shilingi 581. Kwa wenzo 2.78, yaani shilingi 556.

Kikamulio cha wenzo kikiuzwa shilingi 60,000, muuzaji atapiga hesabu hivi: wenzo waokoa shilingi 158 au 159 kwa kila gilasi ukilinganisha na mkono, kwa hiyo baada ya gilasi kama 380 chombo kimejilipa. Kibanda kinachouza gilasi 20 kwa siku, siku sita kwa juma, kitafika hapo baada ya majuma matatu na ziada kidogo. Hesabu hiyo ni sahihi, na bado inapotosha.

Inapotosha kwa kuwa imemlinganisha mshindani hodari na mshindani dhaifu. Koni ya plastiki, tuseme yauzwa shilingi 3,000, yaokoa shilingi 133 kwa gilasi, na hujilipa baada ya gilasi 23 tu. Swali la haki ni hili: mtu ambaye tayari ana koni ya shilingi 3,000, atapata nini akiongeza shilingi 57,000 ili awe na wenzo? Atapata akiba ya shilingi 26 hivi kwa gilasi. Gawanya 57,000 kwa akiba hiyo, utapata takriban gilasi 2,200. Kwa kibanda chetu hayo ni zaidi ya majuma 18, na msimu wa machungwa ya bei nafuu huenda usifike hapo. Kwa familia inayokunywa gilasi tano kwa juma katika majuma 16 ya mwaka, ni zaidi ya miaka 27. Chombo kitakuwa kimepata kutu, na watoto wameoa na kuolewa.

Je, wenzo haufai kamwe? Hapana, tusiharakishe. Hatujahesabu muda. Koni ikihitaji nusu dakika kwa chungwa, gilasi 20 zitamchukua mkamuaji karibu nusu saa ya kuzungusha kiganja. Wenzo ukihitaji sekunde 10, kazi yote ni dakika tisa au kumi. Dakika ishirini kwa siku si kitu kwa mwenye kuuza gilasi tano, lakini kwa anayeuza mia moja wakati wa mapumziko ya shule ni tofauti ya kuhudumia foleni au kuipoteza. Na kuna kifundo cha mkono. Mtu anayezungusha machungwa mia tatu kwa siku atayajua maumivu yake kabla ya mwezi kwisha.

Nchi yetu ina mfano mzuri wa jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980 fundi Carl Bielenberg alibuni hapa Tanzania mashine ya mkono ya kukamulia mafuta ya alizeti, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingine za Afrika. Ilikamua vizuri, lakini ilitaka nguvu nyingi, na ikabidi zitengenezwe za ukubwa mdogo zaidi ili wanawake waweze kuzitumia bila taabu. Kiasi cha mafuta kinachotoka kilikuwa nusu ya swali tu. Nusu ya pili ilikuwa mkono unaoshika mpini.

Joto, vitamini na maneno ya sokoni

Husemwa mara nyingi kwamba kikamulio cha mkono huhifadhi vitamini kwa sababu hakipashi juisi moto, ilhali mashine ya umeme “huua” vitamini kwa joto lake. Tulipime dai hili. Mashine ya umeme yenye wati 300 ikifanya kazi kwa sekunde 60 hutumia jouli 18,000. Hata kama jouli zote zingeingia katika nusu kilo ya juisi, ambayo huhitaji takriban jouli 2,100 kupanda nyuzi moja ya sentigredi, joto lingepanda kwa nyuzi zisizofika 9. Juisi iliyokuwa na nyuzi 22 itafika 31. Chungwa lililowekwa juani sokoni hupata joto kama hilo, wala hakuna anayelililia. Kwa hoja ya joto pekee, dai hilo halisimami.

Adui mkubwa wa vitamini C ni oksijeni ya hewa, hasa ikisaidiwa na madini fulani. Historia yatupa ushahidi. Mwaka 1747 daktari James Lind alionyesha melini kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1860, jeshi la majini la Uingereza liliacha malimau ya Mediterania likachukua ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo vitamini yake ni kidogo. Tena maji ya ndimu hizo yaliachwa hewani na kupitishwa katika mabomba ya shaba, na shaba huharakisha kuharibika kwa vitamini C. Msafara wa George Nares kwenda ncha ya kaskazini mwaka 1875 na 1876 ulibeba juisi ya ndimu, na mabaharia wake wakaugua kiseyeye hata hivyo.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kutazama chombo kimeundwa kwa nini. Kioo, plastiki ya vyombo vya chakula na chuma cha pua ni salama. Shaba au shaba nyeupe isiguse juisi. Aluminiamu huliwa taratibu na asidi ya sitriki ikawa na vishimo vinavyoficha uchafu. Rangi iliyopakwa juu ya chuma hubanduka. Na juisi isiwekwe kamwe katika ndoo ya bati: asidi huyeyusha zinki, na anayekunywa aweza kutapika na kuumwa tumbo. Chombo chenye pembe nyingi zisizofikiwa na brashi nacho ni cha kukataliwa, kwani makapi yaliyobaki usiku ni shamba la vijidudu. Parafujo ndiyo mbaya zaidi kwa jambo hili. Hata hivyo juisi nyingi ziletazo maradhi huharibiwa na maji yasiyochemshwa na barafu, wala kikamulio hakina hatia.

Lishe nayo isikuzwe mno. Chungwa moja la kawaida lina vitamini C ya kumtosha mtu mzima kwa siku, kwani kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 45. Gilasi ya machungwa matatu ina sukari ya gramu 20 hivi, na nyuzinyuzi zimebaki katika makapi. Shirika hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, huhesabu sukari ya juisi pamoja na sukari zile zinazopaswa kupunguzwa, ingawa haihesabu hivyo sukari iliyo ndani ya tunda zima. Anayenunua kikamulio kwa ajili ya afya peke yake angeweza kula chungwa.

Faida moja ya mkono ni ya hakika: hauna nyaya. Kabla ya mwaka 2018, njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika, Songea ilitegemea mitambo ya dizeli. Umeme wa gridi umebadili mengi mjini, lakini hukatika, na vijiji si vyote vilivyo sawa. Siku ya giza, koni ya shilingi 3,000 huendelea na kazi.

Zoezi kwa darasa

Fanyeni jaribio la nusu mbili kwa vyombo viwili au zaidi, kisha rudieni hesabu ya gilasi kwa bei za soko lenu. Bei ya chungwa ikipanda mara mbili, gilasi 2,200 zitakuwa ngapi? Ikishuka hadi shilingi 50 wakati wa mavuno, je? Pimeni mkono wa kikamulio cha wenzo na mkadirie manufaa yake ya kimakanika. Mwisho, tayarisheni maji ya wanga kidogo, mwagieni juisi iliyokamuliwa sasa hivi, kisha dondosheni ayodini ya duka la dawa iliyopunguzwa kwa maji, tone moja moja, mkihesabu, mpaka rangi ya buluu iliyoiva ibaki bila kutoweka. Kadiri vitamini C ilivyo nyingi ndivyo matone yanavyozidi. Rudieni kwa juisi ile ile iliyokaa wazi usiku kucha, na kwa nyingine iliyojazwa pomoni katika chupa yenye kizibo. Juisi iliyotiwa ayodini imwagwe, isinywewe.